Kifafa: Umeme wa Ubongo na Tabia ya Mwanadamu

Katika kaya nyingi za vijijini jiko bado ni mafiga matatu na moto wa kuni. Mtu mwenye kifafa akiangukia hapo, walio karibu naye wana sekunde chache tu za kumvuta, na mara nyingi hawamgusi. Hawafanyi hivyo kwa ukatili. Wameambiwa tangu utotoni kwamba povu na mate ya mgonjwa huyo huambukiza, na kwamba anayemshika wakati huo naye ataanza kuanguka. Ndiyo maana daktari anapompokea mgonjwa wa kifafa aliyeishi miaka mingi bila matibabu, hutazama mikono, miguu na uso akitafuta makovu ya moto, na mara nyingi huyaona.

Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa povu, kwa kugusana wala kwa kula chombo kimoja. Lakini kumwambia mtu jambo hilo bila kumweleza sababu ni kumtaka aache imani moja na kushika nyingine. Somo hili limekusudia kueleza kinachotokea ndani ya ubongo, hatua kwa hatua, ili msomaji aweze kujiamulia mwenyewe. Lina faida nyingine pia. Mengi tunayoyajua leo kuhusu namna ubongo unavyoongoza mwendo, kumbukumbu, woga na fahamu, tuliyajua kwanza kupitia wagonjwa wa kifafa.

Seli yenye chaji

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, yaani kiasi cha asilimia 2 ya uzito wa mwili. Hata hivyo, mwili unapokuwa umepumzika, ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Mtu anaweza kuuliza: chakula hicho chote huenda wapi, nao ubongo hausogei wala hauinui mzigo? Jibu huwashangaza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kila tunapolitoa. Sehemu kubwa hutumika kuhamisha chumvi.

Ndani ya ubongo mna seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba, na katika utando huo kuna pampu ndogo zisizopumzika. Katika kila mzunguko, pampu hutoa nje chembe 3 za sodiamu na kuingiza ndani chembe 2 za potasiamu. Chembe hizi zina chaji ya umeme. Kwa kazi hiyo ya pampu, na kwa kuwa utando huruhusu potasiamu kuvuja zaidi kuliko sodiamu, upande wa ndani wa seli huwa na chaji hasi ikilinganishwa na nje, kiasi cha milivolti 70. Seli iliyotulia basi haijalala. Ipo kama upinde uliokwisha kuvutwa.

Katika utando huohuo mna milango ya sodiamu ambayo hufunguka chaji inapofikia kiwango fulani. Ikifunguka, sodiamu huingia kwa kasi, chaji ya ndani hugeuka kuwa chanya, na mabadiliko hayo hufungua milango ya jirani, nayo ya jirani yake, hadi mwisho wa uzi mrefu utokao kwenye seli. Kila mlango hufunguka na kufungwa katika muda wa milisekunde 1 hivi. Nyuzi nyingine ni fupi kuliko unene wa unywele. Nyingine hutoka katika uti wa mgongo hadi kwenye mguu na kuzidi urefu wa mita 1. Nyuzi nene zilizofunikwa vizuri hupitisha ujumbe kwa kasi ya hadi mita 120 kwa sekunde, ilhali nyembamba zinazoleta maumivu ya kukaa hupitisha kwa mwendo wa mita 1 hivi kwa sekunde. Ukijikwaa kidole unajua mara moja kwamba umejikwaa, na maumivu yenyewe ya kufukuta huja nyuma kidogo. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo sababu.

Ujumbe ukifika mwisho wa uzi hukuta mwanya mdogo sana unaoitwa sinapsi. Umeme hauruki mwanya huo. Seli humwaga kemikali, nayo kemikali huigusa seli ya pili. Hapa kuna jambo ambalo msomaji anapaswa kulishika, kwa kuwa yote yatakayofuata yanalitegemea. Kemikali hizo ni za namna mbili kuu. Glutameti huichochea seli inayopokea ijitayarishe kufyatua umeme. Gaba huizuia. Seli moja hupokea maelfu ya ujumbe wa aina zote mbili kwa wakati mmoja, hujumlisha, kisha hufyatua au hukaa kimya. Tendo lolote la mwanadamu, tangu kupepesa jicho hadi kuamua kuoa, limepitia hesabu hiyo ya wachochezi na wazuiaji. Na watu husahau kwamba wazuiaji ni muhimu sawa na wachochezi. Bila gaba, fikra moja ingewasha ubongo wote kama kiberiti kwenye nyasi kavu.

Wote wakisema neno moja

Simama nje ya soko kubwa asubuhi. Utasikia mvumo usio na maneno, kwa sababu kila mtu anazungumza lake: huyu anauza nyanya, yule anadai chenji, wa tatu anamtafuta mtoto. Mvumo huo ndio dalili ya kwamba kazi inafanyika. Sasa simama nje ya uwanja wa mpira wakati goli linapofungwa. Sauti ni kubwa mara nyingi zaidi, lakini hakuna anayezungumza na mwenzake.

Hans Berger, daktari wa Ujerumani aliyefanya kazi mjini Jena, alikuwa wa kwanza kunasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa mwanadamu kupitia ngozi ya kichwa, mwaka 1924, na alichapisha matokeo yake mwaka 1929. Katika ubongo wa mtu aliye macho na anayefikiri, mawimbi ni madogo na hayana mpangilio ulio wazi, kama mvumo wa soko. Wakati wa shambulio la kifafa mawimbi huwa makubwa, makali, yenye kurudiarudia kwa mapigo ya pamoja. Seli nyingi mno zinafyatua kwa mara moja. Ama wachochezi wamezidi, ama wazuiaji wamepungua, na kundi la seli limeshika mdundo mmoja na kuwavuta majirani. Kifafa ni mwelekeo wa ubongo kurudia mashambulio kama hayo pasipo kichocheo cha wakati huo, kama vile homa au sukari kushuka.

Tukishajua hilo, kila dalili inayotisha hupata maelezo yake. Shambulio likienea pande zote mbili za ubongo, amri ya kukaza hufikia misuli yote kwa wakati mmoja. Misuli ya kifua na ya tumbo hukaza, hewa husukumwa kupitia koo lililobana, na mgonjwa hutoa ule ukelele ambao wengi husema ni sauti ya pepo. Taya hujifunga, na ulimi ukiwa katikati huumwa. Pumzi husimama kwa muda, na midomo hugeuka rangi. Kisha seli za kuzuia huanza kukatiza umeme, unatoka, unakatika, unatoka tena, na misuli nayo hukaza na kulegea kwa mfululizo. Huko ndiko kutupa mikono na miguu. Mate ambayo mgonjwa hawezi kuyameza huchanganyika na hewa anayoitoa kwa nguvu, na hilo ndilo povu. Likiwa na damu, damu imetoka ulimini. Kibofu kikibanwa, mkojo hutoka. Baada ya dakika 1 hadi 3, mara nyingi, shambulio hukoma lenyewe, na mgonjwa hulala au huamka akiwa amechanganyikiwa, kwa kuwa seli zimechoka na zinahitaji muda wa kurudisha chaji zake.

Mafundisho haya si mageni kama wengine wanavyodhani. Katika maandiko ya Kiyunani yanayonasibishwa na Hippocrates, yaliyoandikwa takriban miaka 2,400 iliyopita, mwandishi anapinga waziwazi kuuita ugonjwa huu mtakatifu, anasema chanzo chake kimo ubongoni, na anawalaumu waganga wanaojificha nyuma ya miungu wanapokosa dawa. Kwa hiyo si haki kuwacheka wazee wetu kana kwamba wao peke yao walidhani kifafa ni jambo la roho. Dunia nzima ilidhani hivyo kwa muda mrefu.

Mahali shambulio linapoanzia

Si kila shambulio huenea ubongo mzima. Mengi huanzia mahali pamoja, na mengine huishia hapohapo. Daktari wa Uingereza John Hughlings Jackson, katika karne ya 19, aliwatazama kwa makini wagonjwa ambao mtikisiko wao ulianza katika kidole gumba cha mkono, ukapanda kiganjani, mkononi, kisha usoni, kwa utaratibu uleule kila mara. Hakuwa na mashine yoyote. Aliwaza tu kwamba ikiwa mtikisiko unatembea mwilini kwa utaratibu, basi kuna kitu kinachotembea ubongoni kwa utaratibu huohuo, na kwamba sehemu za mwili lazima zimepangwa juu ya ubongo kama ramani. Mwaka 1870, Fritsch na Hitzig mjini Berlin walithibitisha wazo hilo kwa kugusa ubongo wa mbwa kwa umeme hafifu: waligusa hapa, mguu ukasogea, waligusa pale, uso ukasogea.

Ramani ya mwanadamu ilichorwa kwa ukamilifu zaidi na Wilder Penfield, daktari mpasuaji wa Montreal nchini Kanada, katikati ya karne ya 20. Alikuwa akiwapasua wagonjwa ambao kifafa chao hakikutulizwa na dawa, nao walikuwa macho wakati wa upasuaji. Jambo hilo linawezekana kwa sababu ubongo wenyewe hauna vipokezi vya maumivu. Ngozi na fuvu ndivyo huhitaji ganzi. Penfield aligusa sehemu mbalimbali kwa umeme hafifu na kuwauliza wagonjwa walihisi nini, ili asije akakata mahali pa usemi au pa mwendo. Sehemu ya mkono na ya midomo ilikuwa pana kuliko sehemu ya mgongo mzima, kwa kuwa kazi za vidole na midomo zinahitaji ustadi mkubwa zaidi. Alipogusa eneo la panja, baadhi ya wagonjwa walisema wanasikia muziki, au wanaona tukio lililopita.

Eneo hilo la panja linastahili kutazamwa zaidi, maana hapo ndipo kifafa kinapoacha kufanana na kifafa na kuanza kufanana na tabia.

Kifafa kisichoangusha

Ndani ya sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya panja mna vituo vya harufu, vya woga na vya kumbukumbu. Shambulio likianzia hapo, mgonjwa anaweza kusikia harufu mbaya ambayo wengine hawaisikii. Anaweza kuhisi kitu kinapanda kutoka tumboni hadi kooni. Anaweza kujawa na hofu kubwa isiyo na sababu, au kuhisi kwamba mahali asipopajua amewahi kufika. Kisha macho yake hukodoa, hajibu akiitwa, anatafunatafuna bila kuwa na kitu mdomoni, anapapasa vifungo vya shati, pengine anainuka na kutembea. Baada ya dakika 1 au 2 hurudi, naye hakumbuki alichokifanya.

Fikiri sasa mtu huyo yuko katika jumuiya ambayo watu hunusa ubani na kusema pepo amepanda. Maelezo ya shambulio lake yanafanana na maelezo ya kupagawa karibu neno kwa neno. Wengine huitwa wendawazimu. Mwingine hushikwa kwa nguvu na watu wanaotaka kumtuliza, naye katika kuchanganyikiwa hujikukurusha na kuwasukuma, kisha husemwa kwamba ni mkali na wa hatari. Ukweli ni kwamba mgonjwa aliye katika hali hiyo ni nadra sana kumshambulia mtu kwa makusudi. Anapingana na mikono inayomshika tu. Asipozuiwa kwa nguvu, bali akiongozwa taratibu mbali na barabara, kisima au moto, hutulia mwenyewe.

Kuna namna nyingine ambayo hutukia darasani. Mtoto wa miaka 6 au 8 anasoma, ghafla ananyamaza, macho yanatazama mbele kama taa iliyozimwa, kope zinapepesa kidogo, na baada ya sekunde 10 hivi anaendelea pale alipoachia. Haanguki. Hatoi povu. Jambo hilo linaweza kutokea mara nyingi kwa siku moja, na kila mara kipande cha somo hupotea. Mwalimu huona mtoto mzembe anayeota ndoto za mchana, na fimbo hufuata. Kipimo cha mawimbi ya ubongo kinaonyesha katika sekunde hizo mapigo makubwa 3 kwa kila sekunde, kichwa kizima. Hata pasipo mashine, daktari anaweza kumwambia mtoto avute na kutoa pumzi kwa nguvu kwa dakika 3. Wengi wao hupatwa na shambulio palepale mbele ya macho ya mzazi. Aina hii hutibika vizuri, na kwa watoto wengi huisha wanapobalehe. Lakini inahitaji dawa yake. Kabamazepini, ambayo ni nzuri kwa kifafa kinachoanzia mahali pamoja, inaweza kuizidisha. Kwa hiyo kuazimana vidonge baina ya majirani ni hatari hata kama wote wawili wanaitwa wagonjwa wa kifafa.

Niongeze neno kuhusu wale wanaoanguka bila umeme wa kifafa. Wapo watu, na katika shule za bweni wapo wasichana wengi kwa mara moja, wanaoanguka na kutetemeka huku mawimbi ya ubongo wao yakiwa ya kawaida. Mara nyingi macho yao hufumbwa, na tukio huchukua muda mrefu kuliko kifafa. Hawaigizi. Ubongo ulioelemewa na hofu au msiba una njia zake za kuutawala mwili pasipo ridhaa ya mwenyewe. Dawa za kifafa haziwasaidii. Kusikilizwa na mtaalamu huwasaidia. Kuwaita waongo ni kosa sawa na kuwaita wenye mapepo.

Funzo kubwa kuhusu kumbukumbu nalo lilitoka kwa mgonjwa wa kifafa, na lilikuwa la gharama. Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, daktari William Scoville alimpasua Henry Molaison, kijana wa miaka 27 ambaye kifafa chake kilikuwa kimeshindikana. Alimwondolea sehemu za ndani za mapanja yote mawili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Lakini kijana hakuweza tena kuhifadhi jambo jipya. Aliyezungumza naye akitoka chumbani na kurudi, alikuwa mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiitazama kwenye kioo, na siku baada ya siku mkono wake uliboreka, ingawa kila siku yeye alisema hajawahi kuliona zoezi hilo. Tangu hapo ikajulikana kwamba kukumbuka tukio na kukumbuka ustadi hukaa mahali tofauti. Molaison alifariki mwaka 2008, na tangu kisa chake hakuna mpasuaji makini anayeondoa sehemu hizo pande zote mbili.

Kinachosababisha kifafa kwetu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kuna aina za kurithi, lakini tofauti hiyo haitokani na damu zetu. Inatokana na majeraha ambayo ubongo wetu hupata zaidi: mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyofika ubongoni, homa ya uti wa mgongo, na ajali za barabarani, hasa za pikipiki bila kofia ngumu. Kovu dogo hubaki ubongoni, na seli zilizo kando yake hupoteza uwiano wa kuchochea na kuzuia.

Chanzo kimoja kinaeleweka vibaya sana. Tegu wa nguruwe huingia mwilini kwa njia mbili zenye matokeo tofauti. Anayekula nyama ya nguruwe yenye malengelenge ya tegu isiyoiva vizuri hupata mnyoo tumboni, basi. Lakini mwenye mnyoo huo hutoa mayai katika choo kikubwa, na anayeyameza mayai hayo kwa maji machafu, mboga zisizooshwa au mikono isiyonawiwa, ndiye ambaye viluwiluwi vya tegu vinaweza kusafiri kwa damu hadi ubongoni na kujenga vifuko. Mtu asiyewahi kuonja nguruwe maishani anaweza kupata kifafa cha tegu kwa sababu ya choo cha jirani. Kifafa cha namna hii kimechunguzwa kwa miaka mingi kaskazini mwa Tanzania, katika eneo la Mbulu.

Huko Mahenge, wilayani Ulanga, kuna habari nyingine. Daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika huko kwenye miaka ya 1960 akakuta kifafa kingi kupita kiasi miongoni mwa Wapogoro, wagonjwa wakiwa wametengwa na wengi wana makovu ya moto. Alianzisha kliniki na kuwapa fenobabitali. Aliandika pia kuhusu watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, hali ambayo baadaye ilionekana pia kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Maeneo hayo yote yana mito iendayo kasi, ambamo huzaliana inzi weusi wadogo wanaoeneza minyoo ya usubi. Uhusiano wa minyoo hiyo na kifafa umeonekana tena na tena, ingawa namna inavyoudhuru ubongo bado inachunguzwa. Kumeza ivamektini kila inapogawiwa kijijini ni kujikinga na upofu, na kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba ni kuwakinga watoto na kifafa pia.

Degedege

Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anaweza kutupwa na homa kali. Ubongo mchanga hufyatuka kwa urahisi joto linapopanda, na degedege fupi la homa peke yake si kifafa, wala kwa kawaida haliachi madhara. Hatari iko katika kilicholeta homa. Katika nchi yenye malaria, mtoto anayetupwa na homa huenda ana malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na kila saa ina thamani. Bado wapo wanaoamini kwamba ni dege, kwamba sindano itamuua, na kwamba kwanza afukizwe kinyesi cha tembo. Imani kuhusu sindano ina historia inayoeleweka: mtoto alipelekwa mwishoni, akiwa taabani, akachomwa sindano, akafa, na jambo la mwisho kuonekana ndilo lililobeba lawama. Mpelekeni kwanza.

Wakati wa shambulio na baada yake

Mvute mgonjwa mbali na moto, maji na barabara. Weka nguo laini chini ya kichwa, legeza kola, mgeuze alale ubavu ili mate na matapishi yatoke. Usimtie kijiko mdomoni. Meno huvunjika na vidole vya msaidizi huumwa, na ulimi haumezwi. Usimbane mikono. Usimnyweshe chochote hadi apate fahamu kamili. Tazama saa. Shambulio likizidi dakika 5, au likifuatiwa na jingine kabla hajazinduka, au ikiwa ni la kwanza maishani, au mgonjwa ni mjamzito, apelekwe hospitali upesi.

Hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila mashambulio kama wangepata dawa inayofaa na kuitumia ipasavyo. Katika nchi maskini, karibu robo tatu hawapati matibabu wanayoyahitaji. Fenobabitali, ambayo imetumika tangu mwaka 1912, huimarisha kazi ya gaba, na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Ina kasoro: huleta usingizi kwa wengine, na baadhi ya watoto huwafanya watukutu wasiotulia, jambo ambalo mzazi anapaswa kulieleza kliniki badala ya kuacha vidonge. Hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya dawa za VVU, kwa hiyo daktari aambiwe dawa zote zinazotumiwa. Sodiamu valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayetarajia kuzaa azungumze na daktari kabla ya kushika mimba.

Kosa linaloua zaidi ni kuacha dawa ghafla. Mgonjwa hukaa miezi 6 bila kuanguka, huona amepona, huacha. Seli zilizozoea kuzuiwa hubaki bila kizuizi kwa mara moja, na mashambulio yanaweza kuja mfululizo yasikome. Baada ya takriban miaka 2 ya utulivu daktari anaweza kufikiria kupunguza dozi, nayo hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa.

Anayekuja kliniki aje na mtu aliyeshuhudia. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki, na mara nyingi atakapofika kwetu atakuwa mzima, na mashine ya mawimbi haipo katika hospitali nyingi za wilaya. Daktari atauliza: Lilianza na mkono gani? Kichwa kiligeukia upande upi? Macho yalikuwa wazi au yamefumbwa? Alilalamikia harufu au hofu kabla? Lilichukua dakika ngapi kwa saa, si kwa kukisia? Alipozinduka, mkono mmoja ulikuwa dhaifu? Aliyeweza kupiga picha ya video kwa simu huku mwenzake akimlaza mgonjwa ubavu, aje nayo.